Maziwa Aliyoyakataa Babu Yako

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, naikumbuka kwanza kwa baridi yake. Ilikuwa baridi ya Ijenda, kule milimani, ile inayokuingia mifupani hata ukijifunika kanga mbili na sweta juu yake, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba tulilisikia kamyo, lile lori la viazi, kabla ya kuliona. Nyuma ya kamyo lile, juu ya magunia matupu, alikuwa amekaa kijana mmoja kutoka Bujumbura, amevaa suti nyeusi na viatu vya kung'aa. Alikuwa amekuja kupanda mlima na baba yangu. Kupanda mlima kwa suti, mwanangu. Nilimchungulia kupitia ufa wa mlango wa duka, nikasema moyoni, huyu leo atakiona cha mtema kuni.

Wewe na wenzako siku hizi mnajua mambo. Jumapili asubuhi mnaondoka hapa Kinama, Bujumbura, na viatu vya michezo, chupa za maji na simu, mnapanda hadi Ijenda kwa basi dogo, kisha mnapanda mlima Heha kwa miguu mkiimba. Jioni unanionyesha picha, umenyoosha mikono juu kana kwamba mlima ni wako. Usidhani nakucheka. Nazipenda picha zile, na ninaziangalia kuliko unavyojua, kwa sababu njia mnayoipita niliipita mimi kabla mama yako hajazaliwa.

Juzi uliniambia kwamba katika hao wapandaji wenzako yuko kijana ambaye huwa wa kwanza kufika kileleni kila Jumapili, na kwamba anataka kuleta watu wake hapa nyumbani kuposa. Ukaniuliza, bibi, unaonaje? Sikukujibu. Nimekaa nayo siku kadhaa, nikaona jibu langu ni hili la siku ile ya ukungu. Na babu yako huyo hapo kwenye kiti chake, amefumba macho anajifanya amelala. Mwache. Nikitia chumvi utamwona anavyofumbua.

Mimi ni mtoto wa Ijenda. Babu yangu alitoka Omani akafika kule juu na mzigo wa nguo, akaoa, akafungua duka, na baba yangu, Mzee Seif, akalirithi. Kwa hiyo mimi nilikulia kwenye chai na viazi, na ziwa nililiona kwa mbali tu. Mama yangu alifariki nikiwa bado nanyonya. Baba hakuoa tena. Alikuwa mtu wa maneno machache na miguu mingi: kila Jumapili, duka likiwa limefungwa, alisali alfajiri, akachukua fimbo yake, akapanda Heha. Nilipopata nguvu za kutosha nikawa naye, nabeba chakula.

Sasa baba alikuwa na desturi yake ambayo Ijenda nzima waliijua. Kijana akija kuposa kwake, hakumuuliza ana nini wala anatoka kwa nani. Alimwambia, njoo Jumapili tupande. Dada yangu mkubwa aliletewa wachumba wawili. Mmoja alirudi kabla ya nusu ya njia, akasema goti linamuuma. Wa pili alipanda vizuri kabisa, alifika juu hana hata jasho, akarudi nyumbani kwao anajua ameoa, na baba akakataa. Watu wakashangaa sana. Wakasema yule Mwarabu ana wazimu, anataka binti zake waolewe na nani, mbuzi? Dada akaolewa na mtu wa tatu, mnene, ambaye alipumzika kila baada ya hatua chache. Baba aliangalia kitu gani huko njiani, hakusema. Mimi nilikuwa nimeanza kufahamu, maana nilikuwa nyuma yao nimebeba kikapu, lakini aliniambia mapema, "We ukimwambia kitu, mi sitamupa hata salamu." Nikaahidi.

Kijana wa suti aliitwa Ramazani. Alikuwa fundi wa injini bandarini Bujumbura, za meli za mizigo zinazokwenda Kigoma na Kongo. Alipata kuletwa Ijenda kutengeneza gari lililoharibika mbele ya duka letu, akalala chini ya gari lile siku mbili katika mvua, na mimi nikampelekea chai. Nilipompa kikombe alikipokea kwa mikono miwili, ile mikono yote grisi, akasema chai ya huku ina joto kuliko ya kwao. Maneno ya kijinga. Lakini mimi nilimpenda, mwanangu, siwezi kulipamba wala kulificha. Alipoleta washenga na baba akasema Jumapili tupande, sikulala vizuri wiki nzima. Nilijua baba akikataa amekataa, na mimi sikutaka mwingine.

Basi akashuka kwenye kamyo, akasalimu vizuri. Baba akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Viatu iko mizuri," akasema, akachukua fimbo yake. Tukaondoka.

Mtu wa ziwani huyo. Kule kwao bandarini nchi ni tambarare, mwinuko mkubwa aliouzoea ni ngazi ya meli. Tulipomaliza mashamba ya chai tukaanza vilima vya viazi, nikamsikia anahema kama mtu anayepuliza moto. Viatu vilimtelezesha. Suti ikashika tope mpaka magotini. Lakini alijikaza kisabuni, na kila baba alipogeuka alimkuta anatabasamu. Baba naye hakuwa na haraka. Kila tuliyekutana naye njiani alisimama naye. Kwenye nchi ile mtu hapitwi kama jiwe: unauliza habari ya watoto, ya ng'ombe, ya mvua, naye anakuuliza zako. Ramazani alisimama pembeni akijifuta jasho, akitazama kilele kilipokuwa kinajificha na kujitokeza. Niliona anafikiri kwamba kule juu ndiko anakosubiriwa.

Katikati ya njia ndipo palipo na boma la Mama Nahimana. Alikuwa mama wa Kirundi, mrefu, mkulima na mfugaji, na baba hakuwahi kupita pale bila kuingia. Alitutandikia mkeka. Akaingia ndani, akatoka na maziwa katika chombo chake cha mti kilichochongwa, amekishika kwa mikono miwili, akainama kidogo, akampa mgeni kwanza. Mgeni ni Ramazani.

Ramazani alikitazama kile chombo. Kisha akatazama pembeni ya nyumba, ambako kulikuwa na mtungi wa pombe ya mtama na mirija yake imesimama ndani, maana mume wa Mama Nahimana alikuwa na wageni jana yake. Kisha, hili ndilo nililoliona vizuri kabisa, akamtazama baba. Akakaa wima, akasema kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika, "Apana, mama. Asante. Mi ni muislamu."

Mama Nahimana Kiswahili chake kilikuwa kidogo, ila "apana" aliijua. Akabaki ameinama na maziwa yake mikononi. Hajui aliweke wapi lile neno. Baba akanyoosha mikono miwili, akayapokea, akasema bismillahi, akanywa akiwa ameketi, kisha akanipa mimi. Nilikunywa, lakini sikuthubutu kumtazama Mama Nahimana usoni.

Ngoja nikueleze kwa nini. Kwanza, chombo cha maziwa huko milimani hakiguswi na pombe hata siku moja. Hakuna mwanamke wa Kirundi anayeweza kuvichanganya, afadhali akipasue. Ramazani hakujua hilo, kwao walikuwa na majirani wa kila aina lakini hawakuwa na ng'ombe. Pili, maziwa ni heshima ya nyumba yenyewe, na ukiyakataa umeikataa nyumba. Na la tatu ndilo lililonichoma mimi. Mama yangu alipofariki, aliyenilea kwa maziwa alikuwa Mama Nahimana. Baba alipanda hadi pale kila asubuhi, jua na mvua, akashuka na kibuyu kifuani, mpaka nilipoota meno. Mifupa yangu hii ilitoka kwenye ng'ombe wa boma lile. Kijana wangu alikuwa ameyakataa maziwa yaliyonikuza, tena mbele ya mama aliyenipa, na akidhani amefanya jambo la kumpendeza baba. Nilitaka ardhi ipasuke.

Baba akaaga kwa upole, tukaendelea. Ramazani alichangamka kidogo, maskini, akadhani amepata alama.

Ukungu ulituacha karibu na kilele. Wewe unapajua pale, majani mafupi na upepo. Siku hiyo ziwa lilikuwa wazi lote, na ng'ambo milima ya Kongo, na chini kabisa mji wa Bujumbura umejikunja kando ya maji. Ramazani akasahau miguu yake. Akaonyesha kwa kidole, "Zaituni, tazama, bandari ile, mi nafanyaka kazi pale," mara ya kwanza aliniita jina langu mbele ya baba, na furaha yake ilikuwa ya kweli kabisa, mpaka mimi mwenyewe nikasahau hasira. Nilifurahi, mwanangu. Ni moja ya siku nilizofurahi sana, na wakati huohuo nilikuwa naogopa.

Nikatoa chapati na viazi vya kuchemsha. Baba akaketi, akala kidogo, kisha akasema, "Bon. Nikuulize kitu moja."

"Uliza, muzee."

"Ile maziwa uliikataa kwa ajili ya Mungu, ao kwa ajili yangu?"

Ramazani alikuwa na kipande cha chapati mkononi. Akakirudisha. Angeweza kusema kwa ajili ya Mungu, na nani angembishia? Niliona jinsi jibu lile lilivyomjia mdomoni. Kisha akatazama chini. "Kwa ajili yako, muzee," akasema. "Niliona ule mutungi ya pombe. Nikasema nikikunywa, muzee ataona mi si mutu wa dini."

"Na Mungu alikuwa wapi?"

Ramazani akapangusa tope gotini.

"Alikuwa pale pale," baba akasema. "Alimuona ule mama. We ulinitazama mi tu. Ule mama, ulimutazama?"

"Apana."

"Kula, chapati inapoa." Hapo baba akamaliza, akageukia ziwa. Hakumweleza kitu kuhusu mimi, wala kibuyu, wala miaka ile. Mimi nilitaka kumweleza yote, nikajishughulisha na kikapu, kwa sababu nilikuwa nimeahidi.

Tulipokuwa tunashuka mvua ikaanza kujikusanya upande wa Mugongomanga. Kuna mahali njia inagawanyika, wewe unapajua, penye mikaratusi: kushoto unapita njia ya mkato hadi barabarani, kulia unazunguka na kurudi bomani kwa Mama Nahimana. Baba akashika kushoto. Ramazani akasimama.

"Muzee, naomba tupite kule."

"Mvua inakuja. Na kamyo ya kurudi Buja haitakungoja."

"Najua. Basi mutangulie, mi nitapita peke yangu."

"Kesho uko na kazi bandarini."

"Niko nayo," akasema, akashika kulia, na viatu vyake vya kung'aa vimefunguka midomo yote miwili. Nilitaka kumfuata nimwonyeshe njia. Baba akanigusa bega kwa fimbo, tukashuka wawili. Njia nzima alitembea polepole kuliko kawaida, na mimi nilitembea nikilia kimyakimya, maana sikujua kama anampa nafasi au amemaliza naye.

Kamyo likaondoka. Ramazani alifika Ijenda baada ya alasiri, amelowa, suti imekuwa rangi ya udongo. Baba alikuwa mlangoni. Kijana akasema tu, "Nilifika. Maziwa ilikuwa imeisha, ng'ombe wanakamuliwa asubuhi." Baba akamwambia aende kwa imamu, atapata mahali pa kulala. Hakumkaribisha kula.

Asubuhi nikapeleka uji kwa imamu, nikajitia nimetumwa. Mke wa imamu akaniambia mgeni ameondoka alfajiri. Nikarudi dukani. Baba akauliza, nikamwambia. "Hata hakuaga," akasema, akaendelea kupima chumvi. Mwanangu, niliingia nyuma, nikakanda unga wa chapati, na machozi yakaingia humo humo. Nikasema amekwenda zake, kazi yake imemwita, na mlima na baba yangu vimemchosha. Nikasema nitabaki Ijenda mpaka nizeeke.

Jua lilikuwa limepanda vizuri niliposikia sauti ya mwanamke mlangoni. Alikuwa Mama Nahimana, ambaye hakuwa na kawaida ya kushuka mjini isipokuwa siku ya soko. Nyuma yake alikuwa Ramazani, peku, viatu amevifunga kamba na kuvitundika shingoni, amebeba kibuyu cha maziwa kifuani kwa mikono miwili, anatembea kama amebeba mtoto mchanga. Alikuwa amepanda tena peke yake gizani, amekaa kando ya zizi mpaka ng'ombe wakakamuliwa.

Mama Nahimana akaongea na baba kwa Kirundi, na mimi nikasikiliza nyuma ya pazia. Alisema, huyu kijana wako amekunywa mpaka nikamwambia apumzike. Alisema jana alikuja akapiga magoti katika matope, Kirundi chake kibovu, akasema mama, nilikutia aibu nyumbani kwako, naomba unipe tena. Nikamwambia maziwa yamekwisha, akaendelea Mama Nahimana. Sikutegemea kumwona tena. Leo nimeamka nimemkuta na ng'ombe. Nilipomaliza kumpa ndipo nilipomwambia ni mtoto gani aliyekua kwa maziwa haya. Akalia. Basi nikaona nimlete mwenyewe, asije akapotea.

Baba akaweka mizani chini. Kisha akacheka. Baba yangu hakuwa mtu wa kucheka, alicheka kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi, kwa kukwaruza. Akaita, "Zaituni, kuja huku. Usijifiche, miguu yako inaonekana." Nikatoka na unga mikononi. Akaniuliza mbele yao wote, "We unasemaje?"

Nikasema, "Nasema ndiyo, baba." Kwa sauti, bila kuinamisha macho. Mama Nahimana akapiga vigelegele pale pale dukani. Siku ya arusi alikaa mahali pa mama yangu, na maziwa yalikuwa yake.

Babu yako amefumbua macho. Anasema hakulia. Alilia, mwanangu, Mama Nahimana hakuwa mwongo. Bandarini walimgombeza sana kwa siku aliyopoteza, akasema alikuwa mlimani anakunywa maziwa, wakamcheka mwezi mzima. Hakujali. Akaniteremsha huku kwenye joto, nikamzalia mama yako na wajomba zako, na tumeishi vizuri. Sikuambii hajakosea tena. Amekosea, na mimi nimemkosea, mara zisizohesabika. Ila sijawahi kumsubiri mpaka jioni ya pili. Anarudi mwenyewe, anasema nilikosa hapa, na mimi nimejifunza kwake kurudi vilevile. Nyumba yetu imesimama kwa hilo, na nimeridhika nayo.

Basi nasaha yangu ni hii, na uisikie vizuri. Dini usiifanye kwa macho ya watu, hata kama watu hao ni wakwe zako. Ukiingia nyumbani kwa mtu, mtazame yule anayekupa, usimtazame anayekuangalia ukipewa. Njiani usiwapite wenyeji kama mawe. Salimu, keti, pokea kwa mikono miwili, kilele hakitahama. Na huyo kijana wako, sitakuuliza anapanda kwa kasi gani. Mwambie alete watu wake, tutawapokea. Lakini kabla hujasema ndiyo, mtazame siku atakapomkosea mtu mdogo, mtu ambaye hana la kumfanya, na hakuna anayemlazimisha. Tazama kama atarudi, na kama atarudi hata pale kurudi kutakapomgharimu. Kijana ambaye hajakosea mbele yako bado hujamjua. Subiri kidogo, atakosea, wote tunakosea. Na wewe ujitazame hivyohivyo, kwa maana yeye naye anaoa.

Nenda mwanangu, Mungu akuhifadhi wewe na miguu yako juu ya milima ile. Akujaalie nyumba isiyoishiwa maziwa, na mume asiyeogopa watu kuliko anavyomwogopa Mola wake. Na siku mmoja wenu atakapomvunja mwenzake moyo, Mungu amtie nguvu ya kuipanda tena njia ile ile kabla ya jua kuchomoza. Amina.